Gitaa Zito la Carol Kaye: Utangulizi wa Elimu ya Muziki wa Studio

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, vibao vingi vya Marekani vilivyotamba duniani vilipigwa na watu wale wale. Walikuwa wachache. Walikutana kwenye studio za Los Angeles, wakafungua karatasi zilizowekwa mbele yao, wakapiga kwa saa tatu, wakakusanya ala zao na kukimbilia studio nyingine. Jalada la santuri lilibeba jina na picha ya mwimbaji. Waliopiga kwa kawaida hawakutajwa.

Elimu ninayokukaribisha katika kurasa hizi inawahusu hao wasiotajwa. Ni tawi changa la taaluma ya muziki, na maswali yake ni mepesi kuyatamka, magumu kuyajibu: nani alipiga nini, nani alibuni nini, alilipwaje, na sisi tunajuaje? Wengi huingilia mlango wa waimbaji au wa watunzi. Mimi naona mlango mzuri kuliko yote ni gitaa zito, yaani gitaa la besi, na katika besi simwoni wa kutangulizwa mbele ya Carol Kaye. Nalipenda pigo la mwanamke huyu na sitaficha mapenzi hayo nyuma ya lugha ya kitaaluma, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha kusikiliza. Anayekutikisa mabega kwenye wimbo mara nyingi ni mtu ambaye hujawahi kulisikia jina lake, na kazi yake inaweza kuthibitishwa kwa sikio na kwa karatasi.

Carol Kaye alizaliwa mwaka 1935 mjini Everett, jimbo la Washington. Wazazi wake wote wawili walikuwa wanamuziki. Angali mtoto, familia ilihamia Wilmington, karibu na bandari ya Los Angeles, na maisha hayakuwa mepesi. Alipata gitaa akiwa na miaka 13, na mwaka uliofuata alikuwa tayari anawafundisha wengine kwa malipo. Katika miaka ya 1950 akawa mpiga gitaa wa jazi katika vilabu vya jiji hilo, na jazi yenyewe ilikuwa ile ya bibopu, ambapo mpigaji hubuni papo hapo juu ya mpangilio wa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zinazobadilika kwa kasi. Naomba msomaji ayashike hayo. Watu wanaomsikia Kaye kwenye nyimbo za roki na fanki humdhania ni mtoto wa roki, kumbe akili iliyotunga ile midundo ilinolewa kwenye jazi.

Mwishoni mwa mwaka 1957 prodyuza Bumps Blackwell alimwita kupiga gitaa kwenye kazi za mwimbaji Sam Cooke. Studio ililipa vizuri kuliko vilabu, naye alikuwa na watoto wa kulea. Mwaka 1958 alipiga gitaa la rithimu katika "La Bamba" ya Ritchie Valens, na baada ya hapo simu hazikukoma. Kisha, mwaka 1963, siku moja katika studio za Capitol, mpiga besi hakutokea. Kaye akaombwa azibe pengo. Akagundua mambo mawili: kwamba kubuni mistari ya besi kunampa raha kuliko kupiga gitaa, na kwamba ni afadhali kubeba ala moja kuliko kuzunguka na magitaa kadhaa. Hakurudi nyuma.

Ala aliyoishika siku zile ilikuwa bado changa. Leo Fender aliitoa Precision Bass mwaka 1951 huko Fullerton, California, mwendo mfupi tu kutoka Los Angeles. Kabla yake, sauti ya chini ilikuwa kazi ya besi kubwa ya kusimama, ile ya mbao inayomzidi mpigaji wake urefu, ngumu kuibeba na ngumu kusikika penye dramu na tarumbeta. Fender aliweka vipingo vya chuma kwenye shingo ili kidole kikibana, noti itoke sawasawa, na akaunganisha umeme ili sauti itoke kwa nguvu. Nyuzi ni nne. Ule mnene kabisa hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na hapo ndipo shida ya prodyuza ilipoanzia. Redio ndogo za betri za miaka ile zilikuwa na spika ndogo zisizoweza kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Wimbo uliokuwa na uhai wote studioni ulifika mkononi mwa kijana wa mtaani ukiwa hauna miguu.

Maprodyuza wa Los Angeles walikuwa na dawa ya gharama. Waliajiri wapigaji hadi watatu kwa mstari mmoja: mmoja kwenye besi ya kusimama, mwingine kwenye besi ya umeme, wa tatu kwenye besi ya nyuzi sita iliyopigwa kwa piki, kile kipande kigumu cha plastiki cha kucharazia, ili noti iwe na mlio mkali mwanzoni. Sikio linaposhika ule mlio wa mwanzo, hata kama spika haitoi uzito wote, linaelewa kwamba besi ipo. Kaye alitokea kwenye gitaa, kwa hiyo alipiga besi kwa piki tangu siku ya kwanza. Peke yake alitoa uzito na ule mlio kwa pamoja. Juu ya nyuzi, karibu na daraja, alibandika kipande cha kitambaa kizito cha sufu kilichokunjwa, kikaua mwangwi na kuifanya kila noti ifike, iseme, inyamaze. Nyuzi zenyewe zilikuwa zile zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma, zisizokwaruza. Mkono wake wa kulia haukuwa na woga. Ukichanganya hayo yote unapata sauti ambayo ukishaizoea utaitambua gizani: kavu, nene, yenye ncha.

Nimekaa sana kwenye kitambaa na piki kwa makusudi. Wanafunzi wengi huja wakidhani sauti ya mpiga ala inatoka rohoni moja kwa moja. Inapita kwenye kitambaa kwanza, kwenye spika ya redio ya shilingi chache, kwenye bajeti ya prodyuza, na anayetaka kuifahamu roho ya mpigaji sharti ajue vitu hivyo.

Kazi yenyewe iliendeshwa kwa saa. Chini ya taratibu za chama cha wanamuziki, kipindi cha kawaida cha kurekodi kilikuwa saa tatu, na ndani yake nyimbo kadhaa zilitakiwa zikamilike. Mpigaji alilipwa kwa kipindi, wala hakuwa na fungu katika santuri zilizouzwa. Siku nzuri ilikuwa na vipindi vitatu au vinne, kila kimoja na mtindo wake: asubuhi tangazo la biashara, mchana muziki wa filamu, usiku roki. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Kaye alishiriki vipindi kama 10,000. Wakati mwingine karatasi ilikuwa na kila noti. Wakati mwingine ilikuwa na majina ya kodi tu, na mpiga besi alitazamiwa kuleta mwendo wa wimbo kutoka kichwani kabla kahawa haijapoa.

Tuusikilize wimbo mmoja kwa karibu. Mwaka 1969 Joe Cocker, Mwingereza mwenye sauti ya kukwaruza, alitoa "Feelin' Alright", wimbo uliotungwa na Dave Mason na kurekodiwa mwaka uliotangulia na kundi lake, Traffic. Kodi zake ni mbili tu, zinapokezana kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa mpiga besi mvivu huo ni mtego, kwa maana atapiga mstari ule ule mpaka msikilizaji asinzie. Kinanda cha Artie Butler kinarudiarudia umbo lake, Paul Humphrey yuko kwenye dramu, na Kaye anaingia chini yao. Fuata besi peke yake. Mwanzoni anahesabu maneno: noti chache, na baada yake nafasi tupu. Anaiacha sauti ya Cocker ipite, na Cocker anapovuta pumzi, besi inajibu. Kadiri wimbo unavyopanda moto ndivyo anavyoongeza noti fupi fupi, nyingine zikigongwa kabla kidogo ya pigo, nyingine zikichelewa kwa makusudi, na mlio wa piki unaifanya besi ifanye kazi ya ngoma. Kodi hazijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni besi, na wimbo wote umehama mahali ulipokuwa.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki atasikia jambo jingine mapema kuliko Mmarekani. Kile kinanda kinachozunguka kina damu ya Kuba ndani yake. Santuri za Kuba zilizoletwa Afrika kuanzia miaka ya 1930, zile zenye alama ya GV, ndizo zilizochangia sana kuzaa rumba ya Kongo, na rumba hiyo ikaulea muziki wetu wa dansi. Ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye dansi hahitaji kufundishwa jinsi gitaa zito linavyoweza kuzungumza huku gitaa la solo likirudia umbo moja kwa dakika nzima. Sikio lake limekwisha soma somo hilo. Kinachobaki ni kulihamishia kwenye chumba kingine.

Kaye wa fanki anapatikana pia kwenye "Hikky-Burr" ya Quincy Jones, ya mwaka 1969, ambako besi inachemka mwanzo hadi mwisho. Yumo kwenye "Song of Innocence", albamu ya David Axelrod ya mwaka 1968 iliyopigwa pamoja na Earl Palmer kwenye dramu, ambayo miaka mingi baadaye maprodyuza wa hip-hop waliichimba wakitafuta vipande vya kujengea biti zao. Na yumo kwenye mlio ambao karibu kila mwenye televisheni anaujua, wa tamthilia ya "Mission: Impossible", uliotungwa na Lalo Schifrin mwaka 1966. Pigo lake ni la tano, gumu kulichezea. Lihesabu hivi kwa haraka: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili. Jumla ni kumi fupi, yaani tano ndefu. Mwenye kuishikilia hesabu hiyo ili isianguke ni besi.

Halafu kuna upole wake. "Wichita Lineman" ya Glen Campbell, mtungo wa Jimmy Webb wa mwaka 1968, inafunguliwa na noti chache za besi zinazoshuka, na Kaye anasema alizibuni yeye. Campbell mwenyewe alikuwa amepitia kazi ya studio kabla ya kuwa nyota, kwa hiyo alijua thamani ya aliyekaa pembeni yake. Sehemu ya solo aliipiga kwa besi ya nyuzi sita aina ya Danelectro aliyoazimwa na Kaye.

Hapo tumeufikia moyo wa taaluma hii, nao ni ushahidi. Tuna aina tatu. Ya kwanza ni mikataba ya chama cha wanamuziki, inayoonyesha majina ya waliolipwa na tarehe. Ina nguvu, lakini mkataba unaweza kukuambia nani alikuwa chumbani bila kukuambia noti ipi ni ya nani. Ya pili ni kanda zenyewe. Ya tatu ni kumbukumbu za waliokuwapo, na kumbukumbu huchanganya, hasa kwa mtu aliyepiga vipindi vinne kwa siku kwa miaka kumi.

Chukua "The Beat Goes On" ya Sonny na Cher. Wimbo unakaa kwenye kodi moja, na Kaye amesimulia jinsi ulivyokuwa umepooza studioni mpaka alipojaribu mstari mmoja baada ya mwingine na kuupata huu tunaoujua. Mstari huo ndio wimbo wenyewe, uondoe uone kinachosalia. Hata hivyo jina lake halimo kwenye hati ya utunzi, kwa kuwa sheria na desturi ya biashara ile zilimtambua mwenye maneno na mwenye tuni ya kuimbwa. Mwenye besi alihesabiwa kibarua. Mimi naona desturi hiyo ilikosea kuhusu utunzi ni nini, na nitaitetea hoja hiyo kwa urefu katika kitabu hiki.

Lakini mizani haielemei upande mmoja. Katika "Pet Sounds" ya Beach Boys, ya mwaka 1966, Brian Wilson, kiongozi wa kundi hilo, aliandika mistari mingi ya besi yeye mwenyewe, naye alikuwa mpiga besi. Kaye amekuwa mkweli siku zote kuhusu hilo: mawazo yalikuwa ya Wilson, mkono ulikuwa wake. Paul McCartney wa Beatles amesema wazi jinsi besi ya albamu ile ilivyomfungulia njia. Anastahili kushukuriwa nani kati ya Wilson na Kaye? Wote wawili, na kazi ya mtafiti ni kueleza mgawanyo huo bila kumpora mmoja ampe mwingine. "Good Vibrations" ya mwaka huo huo ni ngumu zaidi. Ilirekodiwa vipande vipande kwa miezi kadhaa katika studio nne, wapiga besi tofauti wakishiriki, kisha kanda zikakatwa na kuungwa. Kuuliza nani alipiga besi kwenye wimbo ule ni kuuliza kuhusu kila kipande peke yake.

Na kuna suala la Motown, kampuni ya santuri ya Detroit, ambalo kila anayeingia uwanja huu atalikuta. Kaye anadai baadhi ya vibao vya kampuni hiyo, ambayo ilirekodi pia Los Angeles, kuwa ni kazi yake. Upande wa Detroit unasema ni vya James Jamerson, mpiga besi wa huko. Motown haikuandika majina ya wapigaji wake kwenye majalada mpaka albamu ya "What's Going On" ya Marvin Gaye mwaka 1971, na ukimya huo ndio uliozaa ugomvi. Sikio linasaidia. Jamerson alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, Kaye kwa piki, na mianzo ya noti zao haifanani. Kwa "I Was Made to Love Her" ya Stevie Wonder ninasikia kidole, nami nasimama na Jamerson. Nasema hivyo nikiwa shabiki mkubwa wa Kaye. Orodha yake isiyo na utata ni ndefu mno, haihitaji nyongeza yenye shaka.

Je, jinsia? Picha nyingi za studio za wakati ule zinamwonyesha mwanamke mmoja kati ya wanaume, miwani usoni, besi mapajani. Ni rahisi kumgeuza nembo. Yeye mwenyewe amekataa, akisisitiza kwamba noti haina jinsia na kwamba studioni kilichopimwa ni kama unaweza kupiga. Nalichukua neno lake kwa uzito, kisha naongeza kitu ambacho mtafiti hapaswi kukikwepa: mtu aliyefanya kazi ile huku akilea watoto alilipa gharama ambayo wenzake wengi hawakuulizwa. Mengine atayasimulia yeye, na ameyasimulia. Mwaka 1969 alitoa kitabu chake cha kufundishia, "How to Play the Electric Bass", na vizazi vya wapiga besi vimejifunzia humo. Ajali ya gari ya mwaka 1976 ilimpunguzia kasi, lakini ualimu haukukoma.

Hata jina la kundi lake lina mgogoro. Dunia inawaita Wrecking Crew, jina lililoenezwa na mpiga dramu Hal Blaine. Kaye anashikilia kwamba hawakuitwa hivyo siku zile na analipinga mpaka leo. Filamu yenye jina hilo, iliyotengenezwa na Denny Tedesco, mtoto wa mpiga gitaa Tommy Tedesco, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008 na ikachukua miaka kufika kwenye majumba ya sinema, kwa sababu ya gharama za kununua haki za kutumia nyimbo. Ni nyimbo zile zile walizopiga wahusika wa filamu. Mwaka 2025 ukumbi wa heshima wa roki nchini Marekani ulimchagua Kaye, naye akakataa, jina hilo likiwa mojawapo ya sababu. Wengine walishangaa. Mimi sikushangaa. Mtu ambaye jina lake liliachwa nje ya majalada mengi ana haki ya kuchagua aitweje.

Kwa anayeanza leo, nashauri hivi. Usisikilizie spika ya simu, maana ina udhaifu ule ule wa redio za 1966. Tafuta hedifoni au spika yenye kifua. Anza na "Feelin' Alright" na uifuate besi mpaka uweze kuiimba kwa mdomo bila wimbo kuwapo. Kisha tafuta mkusanyo wa "The Pet Sounds Sessions" uliotolewa mwaka 1997, ambamo utasikia ala bila waimbaji, majaribio yaliyokatizwa katikati, na mazungumzo kati ya Wilson kwenye chumba cha mitambo na wapigaji kwenye ukumbi. Chukua daftari. Kila wimbo unaposimamishwa, andika nani ametoa pendekezo na limehusu ala gani, kisha sikiliza jaribio linalofuata uone besi imefanya nini nalo.